Safari ya Nauvoo na Independence: uchambuzi wa kisa cha wasafiri saba wasiojuana

Kisa hiki kinahusu watu saba wakazi wa Des Moines, jimbo la Iowa, ambao mwanzoni mwa majira ya joto ya 2025 walichanga fedha, wakakodi gari na kwenda kutembelea maeneo ya kihistoria ya Wamormoni katika majimbo ya Illinois na Missouri kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Kabla ya alfajiri ya kuondoka hawakuwa wamewahi kukaa pamoja. Wengi wao walijuana kwa sauti na picha tu, kupitia kundi la WhatsApp la Wakongo na Waafrika Mashariki wa mji huo. Safari haikuvunjika na hakuna aliyeumia, lakini usiku wa Jumamosi ilibaki kidogo watu wagawane na kila mmoja atafute usafiri wake. Nimezungumza na wengi wao baadaye, na majina yao nimeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa ninachotaka kukichambua ni namna safari ilivyopangwa wala si tabia ya mtu mmoja mmoja.

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Lilisema kwamba kuna "safari ya historia" ya kwenda Nauvoo, Carthage, Far West, Liberty na Independence, kwamba gharama ni kodi ya gari, mafuta na malazi ya usiku mmoja, na kwamba viingilio ni bure. Aliyeliandika ni Mkongo wa Lubumbashi, muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kanisa kubwa kuliko yote ya Wamormoni, tangu kabla hajahamia Marekani, na tangu hapo wenzake walimwita Ndugu Mratibu. Waliojiunga naye walikuwa mama wa Kirundi, Mpentekoste, aliyeishi miaka mingi katika kambi za wakimbizi za Kigoma na ambaye wote walimwita Mama. Muuguzi wa kiume kutoka Tanga, Mwislamu. Kijana wa Kikenya anayesomea shahada ya uzamili ya historia. Mume na mke vijana kutoka Bukavu, ambao kwa maneno yao wenyewe walitaka kuuona mto Mississippi na kupumzika. Na mwanamke Mmarekani aliyestaafu, ambaye aliwahi kuwafundisha baadhi yao Kiingereza na ambaye kila mtu alimwita Mwalimu. Mwalimu alilelewa Lamoni, mji mdogo kusini mwa Iowa, katika kanisa liitwalo Community of Christ, jambo ambalo Ndugu Mratibu alilijua lakini hakulipa uzito.

Kwa upande wa barabara mpango ulikuwa mzuri, na inafaa kusema hivyo kabla ya kutaja kasoro. Kutoka Des Moines hadi Nauvoo ni mwendo wa saa tatu na kitu kuelekea kusini mashariki. Kutoka hapo mtu hukata Missouri kuelekea magharibi, hupita Far West, hushuka Liberty na Independence karibu na Kansas City, kisha hurudi Des Moines moja kwa moja kwa barabara kuu namba 35. Ni mzunguko kamili usiorudia njia, na hufuata, ingawa kwa kurudi nyuma kimiaka, matukio ya kanisa hilo kati ya 1831 na 1846. Kasoro ilikuwa mahali pengine. Katika maeneo haya kila nyumba ina mwenyewe, kila mwenyewe ana masimulizi yake, na tangazo halikumwambia mtu yeyote ni nani atakayezungumza kila kituo.

Ili jambo hili lieleweke, lazima turudi kidogo nyuma. Joseph Smith aliunda kanisa lake tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, akahamia Ohio, akajaribu kuujenga mji mtakatifu Missouri, akafukuzwa pamoja na watu wake, na mwaka 1839 akaanza kuijenga Nauvoo kwenye ukingo wa Mississippi. Aliuawa na kundi la watu wenye silaha katika jela ya Carthage tarehe 27 Juni 1844, akiwa na umri wa miaka 38. Baada ya kifo chake wafuasi waligawanyika. Wengi walimfuata Brigham Young, ambao kuanzia Februari 1846 walivuka mto na hatimaye wakafika Utah; kanisa lao, ambalo hapa nitaliita kanisa la Utah, ndilo la Ndugu Mratibu. Mjane wake, Emma, alibaki Nauvoo na watoto, na mwaka 1860 mwana wao, Joseph Smith III, alikubali kuongoza kundi jingine, ambalo tangu 2001 linaitwa Community of Christ. Kwa hiyo nyumba za familia ya Smith zilibaki upande huu wa pili, na kanisa la Utah liliporudi katika karne ya 20 kununua viwanja na kujenga upya nyumba za matofali, mji mmoja ukawa na waongozaji wa makanisa mawili waliosimulia maisha ya mtu mmoja kwa namna mbili.

Hali hiyo ilikwisha Machi 2024. Community of Christ, likiwa na mahitaji makubwa ya fedha, liliuza hekalu la Kirtland huko Ohio, majengo yake ya Nauvoo na hati kadhaa za kale kwa kanisa la Utah kwa dola milioni 192.5. Ndugu Mratibu alilipokea tukio hilo kwa shukrani, kwa kuwa mali za nabii zilikuwa zimerudi nyumbani. Mwalimu alilipokea kama msiba wa ukoo, kwa kuwa akiwa msichana alipelekwa katika nyumba hizo na wazazi wake na kuambiwa kwamba ni zao. Walikaa viti vya mbele, bega kwa bega, tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka Nauvoo, na hakuna aliyeligusia.

Nusu ya kwanza ya Jumamosi ilikwenda vizuri. Waongozaji wa Nauvoo wengi wao ni wamisionari wazee, mume na mke waliostaafu wanaojitolea, na ukarimu wao hauna mashaka. Wasafiri walionyeshwa jinsi matofali yalivyofinyangwa, walipewa biskuti za tangawizi, walipanda gari la kukokotwa na farasi. Wale vijana wa Bukavu walikatishwa tamaa mara moja tu, walipofika mbele ya hekalu. Hekalu la awali lilichomwa moto mwaka 1848, na lililopo sasa lilijengwa upya na kuwekwa wakfu tarehe 27 Juni 2002. Ndani huingia waumini wenye kibali maalumu peke yao. Ndugu Mratibu hakuwa amewaambia, pengine kwa sababu kwake ni jambo linalojulikana na kila mtu.

Tatizo la kwanza la kweli lilimpata muuguzi. Kila nyumba waliyoingia, maelezo yalianza na kinu, au duka, au kitanda cha fundi, na yalimalizika na ushuhuda: mwongozaji alisema kwa upole kwamba yeye binafsi anajua kuwa Joseph Smith alikuwa nabii. Mwishoni waliulizwa kama wangependa kutembelewa na wamisionari nyumbani. Muuguzi alikataa kwa adabu mara ya kwanza, na ya pili, na baadaye akaanza kubaki nje. Aliniambia kwamba hakukerwa na imani ya wale wazee. Kilichomkera ni kwamba aliletwa katika mahubiri kwa jina la historia, na kwamba yeye, aliyetafuta kivuli cha mti karibu na gari ili aswali adhuhuri, hakuwa ameulizwa na mtu yeyote kabla ya safari kama angehitaji muda huo.

Nadhani muuguzi alikuwa na haki ya kulalamika, lakini sikubaliani na mwanafunzi wa historia, ambaye alisema kwamba Ndugu Mratibu aliwadanganya. Kwa Mtakatifu wa Siku za Mwisho, historia na imani havitenganiki kwa urahisi. Dini hii ilizaliwa katika zama za magazeti, mahakama na mashine za kuchapa. Kitabu cha Mormoni kilichapishwa mwaka 1830 katika duka la mchapaji linalojulikana, mtaa unaojulikana, nakala 5,000. Madai yake makubwa yana tarehe na anwani. Mtu wa imani hiyo akiandika "safari ya historia" anasema ukweli kama anavyouona, na wala hapati neno jingine lililo sahihi zaidi. Kosa liko katika kudhani kwamba wageni watalisoma neno hilo kama yeye.

Katika nyumba iitwayo Mansion House, makazi ya mwisho ya Joseph na Emma, mambo yalichukua sura mbili kwa wakati mmoja. Mwanafunzi aliuliza, mbele ya wote, kuhusu wake wengi. Mwongozaji hakutikisika, alijibu kwamba ndiyo, Joseph Smith alioa wake wengi, na kwamba kanisa lenyewe limeandika juu ya jambo hilo. Ni kweli: insha iliyotolewa na kanisa mwaka 2014 inakiri kwamba huenda wake hao walikuwa kati ya 30 na 40. Aliyeghadhibika ni Ndugu Mratibu, ambaye aliona swali limeulizwa ili kumwaibisha. Mara kadhaa nimeona hali hii katika safari za kidini zenye wageni: mwenyeji wa mahali huwa ameshazoea maswali magumu, lakini aliyewaleta wageni hujiona yuko kizimbani.

Sura ya pili ilikuwa tofauti kabisa. Mama alisikia pale kwamba katika nyumba hiyo aliishi na kufanya kazi Jane Manning, mwanamke mweusi huru kutoka Connecticut, ambaye mwaka 1843 yeye na ndugu zake walikataliwa kupanda chombo cha majini huko Buffalo na wakatembea kwa miguu hadi Nauvoo, zaidi ya kilomita 1,000. Mwanafunzi aliongezea habari za Elijah Abel, fundi seremala mweusi aliyetawazwa kuwa mzee wa kanisa, cheo cha ukuhani, mwaka 1836. Ndugu Mratibu alijua, kama waumini wengi wa Afrika wanavyojua, kwamba watu weusi walinyimwa ukuhani mpaka Juni 1978; hakuwa amewahi kusikia kwamba kabla ya tangazo la Brigham Young la 1852 kulikuwa na mtu mweusi aliyekuwa nao. Walikaa kwenye ngazi za nje wakiulizana juu ya hilo, yeye na mwanafunzi aliyemkasirikia muda mfupi kabla. Ningetaka wapangaji wa safari kama hizi walitazame tukio hili kwa makini, kwa sababu habari iliyowakutanisha ilikuwa ile isiyomfanya yeyote kati yao kuwa mwenyeji.

Carthage iliharibu tena. Jela hiyo, jengo la mawe la ghorofa moja lililo karibu kilomita 40 kutoka Nauvoo, ilinunuliwa na kanisa mwaka 1903, na mlango wa chumba cha juu bado una tundu la risasi. Humo Hyrum Smith, kaka yake Joseph, aliuawa, John Taylor, kiongozi mwenzao, akajeruhiwa, na Joseph akaanguka kutoka dirishani. Mwongozaji aliwaomba wakae kimya kwa muda. Mwanafunzi alikaa kimya, kisha akauliza kuhusu bastola ndogo iliyopenyezwa gerezani, ambayo Joseph aliifyatua kupitia mlangoni, na kuhusu gazeti la Nauvoo Expositor, ambalo lilitoka toleo moja tarehe 7 Juni 1844, likafichua habari za wake wengi, na mashine yake ikaharibiwa siku tatu baadaye kwa amri ya baraza la mji lililoongozwa na Joseph mwenyewe. Yote hayo ni kweli na hayapingwi na wanahistoria wa kanisa. Lakini Ndugu Mratibu alikuwa akilia. Alitoka, akaketi kwenye usukani, akawasha gari.

Usiku, katika nyumba waliyopanga Nauvoo, ugomvi ulianza juu ya jambo lililoonekana dogo. Ratiba ilisema: "Jumapili asubuhi, Nauvoo." Ndugu Mratibu alikuwa na maana ya ibada, mkutano wa sakramenti na madarasa, saa mbili kwa jumla. Wengine walielewa kwamba ni muda wa kutembea na kupiga picha kabla ya kuondoka mapema. Mwanafunzi alipiga hesabu mezani: wakiondoka karibu na saa sita mchana, jela ya Liberty, ambako Joseph Smith aliwahi kufungwa, watakuta imeshafunga kupokea wageni, na Des Moines watafika usiku wa manane ilhali Mama anaingia zamu ya kiwanda cha nyama alfajiri ya Jumatatu. Alipendekeza kwamba yeye aendeshe, waondoke saa kumi na mbili asubuhi, na anayetaka kusali asali Independence. Hapo ndipo walipogundua kwamba mkataba wa gari ulikuwa na jina la dereva mmoja tu. Bima isingemfunika mwingine yeyote, na kuongeza dereva kulihitaji kwenda ofisini mwa kampuni, jambo lisilowezekana usiku huo.

Hapa ndipo kiini cha kisa. Mtu mmoja alishika vitu vitatu kwa pamoja: funguo, ratiba na maelezo ya mahali. Yeyote aliyepinga kimojawapo alionekana kupinga vyote, na kwa kuwa maelezo yalikuwa imani yake, kila ombi la kubadili saa likawa dharau kwa Mungu wake. Mke wa yule kijana wa Bukavu, ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, aliuliza kama wao ni mateka. Lilikuwa neno kali mno, lakini lilieleza hali ya gari lenye dereva mmoja vizuri kuliko alivyokusudia.

Aliyeutatua ugomvi ni Mwalimu, na njia yake ilikuwa ya kiutawala kuliko ya kiroho. Hakuanzisha mjadala wa nani ni nabii wa kweli. Alimwambia Ndugu Mratibu kwamba ibada yake haina mjadala, aende. Aliwaambia wengine kwamba Liberty ifutwe, kwa kuwa ni kituo kinachotegemea saa za kufungwa, na Far West ibaki, kwa kuwa ni uwanja wa wazi. Kisha akaweka saa ya kuondoka, saa tano na nusu, na kumtaka kila mmoja aikubali kwa sauti. Asubuhi Mama alikwenda ibadani na Ndugu Mratibu, kwa sababu, alisema, Jumapili bila nyimbo inamuumiza kichwa. Wengine walitembea mtaa wa Parley hadi mtoni, njia waliyopita wakimbizi wa 1846. Walipokwenda watano kwa miguu bila mwongozaji, muuguzi alisoma vibao vyote.

Far West ilithibitisha jambo ambalo wakati huo hakuna aliyekuwa amelitambua. Mahali hapo palikuwa na mji wa maelfu ya watu mwaka 1838. Leo pana majani, jiwe la kumbukumbu na mawe manne ya pembe za hekalu lisilojengwa, yaliyowekwa tarehe 4 Julai mwaka huo. Hakuna aliyekuja kuwapokea. Mwanafunzi alieleza amri ya gavana Lilburn Boggs ya tarehe 27 Oktoba 1838, iliyosema Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe katika jimbo, na mauaji ya Hawn's Mill siku tatu baadaye, ambamo watu 17 walikufa. Amri hiyo ilifutwa rasmi na gavana Christopher Bond mwaka 1976. Mama aliuliza kama waliofukuzwa walilipwa ardhi yao. Alipojibiwa kwamba walidai serikali kuu huko Washington wakaambulia patupu, alisema kwamba hilo analielewa bila kufafanuliwa, na swali lake liliwafanya wote, waumini na wasioamini, wazungumze juu ya kitu kimoja kwa muda wa nusu saa.

Independence walifika jioni, jua likiwa bado juu. Pale, tarehe 3 Agosti 1831, Joseph Smith aliweka wakfu kiwanja cha hekalu la Sayuni, na leo kiwanja hicho hakimilikiwi na kanisa la Utah wala na Community of Christ. Kiko mikononi mwa kanisa dogo liitwalo Church of Christ la Temple Lot, ambalo lilishtakiwa na kundi la Joseph Smith III katika miaka ya 1890, likashindwa mahakama ya kwanza na kushinda kwenye rufaa. Ng'ambo ya barabara limesimama hekalu la Community of Christ la 1994, lenye paa linalozunguka kwenda juu kama konokono, na si mbali nalo kipo kituo cha wageni cha kanisa la Utah. Wamiliki watatu, hatua chache kati yao. Safari hii msimulizi alikuwa Mwalimu, na Ndugu Mratibu akawa mgeni. Aliuliza kwa nini hekalu lao liko wazi kwa kila mtu. Aliuliza kuhusu wanawake kupewa ukuhani, jambo lililoamuliwa 1984. Mwanafunzi hakumwacha Mwalimu naye: alimkumbusha kwamba kanisa lake, kwa muda wa vizazi, lilikana kabisa kwamba Joseph alioa wake wengi. Mwalimu alikiri kwamba baba yake alifariki bila kuamini hata neno moja la habari hizo.

Ningeshauri nini kwa anayepanga safari kama hii? Madereva wawili katika mkataba wa gari, kwanza, hata kama ada inapanda. Pili, ratiba itaje mmiliki wa kila kituo na kama maelezo yake hutolewa na wamisionari, ili anayetaka kubaki nje ajue kabla hajalipa. Saa za ibada za watu wote, si za mpangaji peke yake, ziandikwe humo. Lakini muhimu kuliko yote, Independence ingepaswa kuja kwanza. Mtu akianza pale, kwenye njia panda ya makanisa matatu, anatambua mapema kwamba masimulizi ni mengi, na atakaposikia ushuhuda wa Nauvoo atausikia kama sauti ya mwenye nyumba. Walioanza Nauvoo walidhani wanasikia sauti ya historia yenyewe, na kila swali likawa uchokozi.

Wiki iliyofuata kulibaki suala la fedha. Wale wawili wa Bukavu walitaka kurudishiwa sehemu ya mchango kwa ajili ya Liberty ambayo hawakuiona. Kiingilio hakikuwepo, kwa hiyo hakukuwa na cha kurudisha. Ndugu Mratibu alipiga hesabu ya mafuta upya, akaondoa umbali ambao haukusafiriwa, na tofauti ikawa haifiki bei ya chakula cha mtu mmoja. Waliipokea. Muuguzi naye ameomba kwamba, ikiwa watakwenda Kirtland kama inavyozungumzwa, jina lake liandikwe kwenye mkataba wa gari.